Uzito wa Swali la Serikali: Uhuru wa Kusema na Uchunguzi wa Habari Potofu Mitandaoni

Jirani akimwuliza jirani yake, "Maneno haya umeyasikia kwa nani?", swali hilo ni mazungumzo ya kawaida, na mwulizwaji anaweza kujibu, kunyamaza, au kugeuza maneno. Swali hilo hilo likitoka kinywani mwa Mkuu wa Wilaya aliyefuatana na askari wawili, si mazungumzo tena. Sentensi haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni uwezo wa mwulizaji kumdhuru asiyejibu. Katika tofauti hiyo ndimo lilimo tatizo la kisheria na la kisayansi ambalo limeisumbua Marekani tangu mwaka 2021: je, serikali inaweza kuchunguza uenezaji wa habari za uongo katika mitandao ya kijamii bila kuwafunga raia midomo?

Makala haya yanaeleza jinsi tatizo hilo lilivyozuka, jinsi mahakama za Marekani zilivyojaribu kutenga swali la kawaida na amri iliyovikwa vazi la swali, na mambo ambayo watafiti wanaweza kujifunza kutokana na mabishano hayo.

Maana ya maneno yanayotumika

Yafaa kwanza kutofautisha mambo mawili. Habari potofu ni habari isiyo ya kweli ambayo mwenye kuieneza huenda anaiamini kwa moyo safi. Mama anayewapelekea wanawe ujumbe kwamba maji ya moto yenye chumvi huua virusi vya ugonjwa fulani hadanganyi; amekosea tu. Uzushi, kwa upande mwingine, ni habari ya uongo iliyotungwa kwa kusudi na mtu ajuaye kwamba ni uongo, aghalabu ili ajipatie fedha, kura au sifa. Maneno ya watu hao wawili yanaweza kuwa yale yale. Tofauti iko katika nia ya msemaji, na nia haipimwi kwa mizani. Kompyuta inayohesabu ujumbe kwa mamilioni haiwezi kumtenga mama yule na tapeli anayeuza dawa bandia.

Sheria ya Marekani nayo inalo la kusema. Rekebisho la Kwanza la Katiba ya nchi hiyo, lililoidhinishwa mwaka 1791, linalikataza Bunge kutunga sheria inayopunguza uhuru wa kusema na uhuru wa magazeti. Baadaye mahakama zilieleza kwamba katazo hilo linazibana pia serikali za majimbo na maofisa wao. Mambo mawili hapana budi yakumbukwe kila mara.

Kwanza, Rekebisho hilo linaibana serikali, wala si makampuni ya watu binafsi. Kampuni ya Facebook ikifuta ujumbe kwa kufuata kanuni zake yenyewe, haikuvunja Katiba, kama vile mhariri wa gazeti asivyoivunja Katiba anapoitupa kapuni barua ya msomaji.

Pili, uongo peke yake si kosa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha sheria ya mwaka 2005 iliyowaadhibu watu waliojisingizia kupewa nishani za kijeshi. Mshtakiwa, aliyekuwa mjumbe wa bodi ya maji katika jimbo la California, alikuwa amesema uongo mtupu mbele ya mkutano, na hakuna aliyelibishia hilo. Hata hivyo majaji walio wengi walikataa kuipa serikali uwezo wa kuwa mwamuzi wa kila lililo kweli na kila lililo uongo. Uongo unaoadhibiwa ni ule unaofungamana na madhara yanayojulikana, kama vile utapeli, kashfa, na kiapo cha uongo mahakamani.

Sababu za serikali kuuliza

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Vipimo vilivyofanywa katika mitandao vinaonyesha kwamba huko njia hiyo ni ndefu, tena pana. Mwaka 2018 watafiti watatu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuchunguza habari zipatazo 126,000 zilizoenezwa katika mtandao wa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017 na watu wapatao milioni 3. Waliona kwamba uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa tena ulizidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70, na kwamba habari ya kweli ilihitaji muda wa takriban mara sita zaidi ili iwafikie watu 1,500. Jambo la kustaajabisha ni kwamba sababu kubwa haikuwa mitambo inayojiendesha yenyewe. Walioeneza uongo kwa kasi hiyo walikuwa ni binadamu, na yaelekea walivutiwa na ugeni wa habari hizo.

Ulipoingia ugonjwa wa UVIKO-19 jambo hili lilipata uzito wa uhai na mauti. Nchini Marekani idadi ya waliokufa kwa ugonjwa huo ilifikia milioni 1 mwezi wa Mei 2022. Wakati huo huo ulienea uvumi kwamba chanjo zimetiwa vidude vya kielektroniki vya kuwafuatilia watu, au kwamba zinaharibu uzazi. Mganga aliyehudumu katika wodi ya wagonjwa mahututi na kumwona mgonjwa aliyeikataa chanjo kwa sababu ya uvumi wa namna hiyo hakuhitaji kushawishiwa kwamba maneno yanaweza kuua.

Tarehe 15 Julai 2021 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa waraka wa kuionya nchi kwamba habari potofu za afya ni hatari kwa jamii nzima. Tarehe 3 Machi 2022 ofisi yake ilichukua hatua nyingine. Ilitangaza ombi la kupewa taarifa, nalo likachapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Makampuni ya mitandao yaliombwa kueleza ni watu wangapi walikutana na habari potofu za UVIKO-19, ni makundi gani ya jamii yaliyoguswa zaidi, na ni vyanzo gani vilivyozitoa, wakiwemo wafanyabiashara waliouza tiba zisizothibitishwa. Muda wa kujibu uliwekwa hadi tarehe 2 Mei 2022. Ombi lilikuwa la hiari. Halikutaja faini wala kifungo kwa asiyejibu.

Kwa jicho la mtafiti, maswali hayo ni ya kawaida kabisa. Hakuna awezaye kupambana na kipindupindu bila kujua kisima kilichochafuka. Lakini swali la tatu, lihusulo vyanzo, halifanani na mawili yaliyotangulia. Uchunguzi mmoja wa Twitter, uliotolewa mwaka 2019 na uliohusu uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2016, uliwafuatilia wapiga kura zaidi ya 16,000. Ulionyesha kwamba asilimia 0.1 tu ya watu hao walisambaza karibu asilimia 80 ya habari zilizotoka katika vyanzo vya uzushi. Ikiwa habari potofu hutoka kwa wachache namna hiyo, basi anayeuliza vyanzo hukaribia kuuliza majina. Nayo orodha ya majina, ikiwa mikononi mwa serikali, ni kitu chenye historia yake.

Maswali yaliyofunga midomo zamani

Historia hiyo ni ya miaka ya 1950, wakati Marekani ilipotishwa na hofu ya ukomunisti. Kamati za Bunge na maofisa wa majimbo walifanya uchunguzi mwingi. Mara nyingi hapakuwa na kesi, wala hukumu, wala kifungo; palikuwa na swali tu, lililoulizwa hadharani na kuandikwa magazetini. Hata hivyo watu walipoteza kazi na rafiki.

Mashauri matatu ya wakati huo yanafundisha mengi. Katika shauri la kwanza, mwakilishi mmoja wa wafanyakazi, John Watkins, aliiambia kamati ya Baraza la Wawakilishi habari zake mwenyewe bila kuficha, lakini alikataa kuwataja wengine ambao aliamini walikwisha kuachana na chama cha kikomunisti. Akatiwa hatiani. Mwezi wa Juni 1957 Mahakama ya Juu iliifuta hukumu hiyo, na kueleza kwamba Bunge halina uwezo wa kuwaanika watu kwa ajili ya kuwaanika tu. Swali la Bunge lazima lifungamane na kazi ya kutunga sheria, na anayeulizwa lazima ajulishwe uhusiano huo.

Siku hiyo hiyo Mahakama iliamua shauri la mchumi Paul Sweezy, ambaye Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New Hampshire alimhoji kuhusu mambo aliyoyafundisha katika mhadhara wa chuo kikuu. Sweezy alikataa kujibu maswali hayo, naye akaambiwa ameidharau mahakama. Mahakama ya Juu ilimwokoa, na hukumu yake imekuwa tangu hapo nguzo mojawapo ya uhuru wa vyuo vikuu nchini humo.

Shauri la tatu ni la mwaka 1958. Jimbo la Alabama lilikitaka chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, NAACP, kitoe orodha ya wanachama wake. Kilipokataa kilitozwa faini ya dola 100,000. Majaji wote wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba dai hilo lilivunja Katiba, kwa kuwa wanachama waliotajwa hapo awali walikuwa wamefukuzwa kazi, wametishwa na kutendewa uadui. Serikali haikumkataza mtu yeyote kusema wala kukutana na wenziwe. Iliuliza majina tu, na kuuliza huko kulitosha kuwatawanya watu.

Kutokana na mashauri hayo wanasheria walipata fundisho ambalo hutajwa hadi leo: mtu anayeogopa kuorodheshwa hunyamaza kabla hajakatazwa. Ukimya wa namna hiyo ni mgumu kupimwa, kwani neno lisilosemwa haliachi alama.

Ushauri na shuruti

Serikali nayo ina haki ya kusema. Waziri wa Afya anaweza kutangaza kwamba dawa fulani haifai, na anaweza kulisihi gazeti lisieneze maneno ya wauzaji wake. Hilo ni jaribio la kushawishi, nalo limeruhusiwa. Lisiloruhusiwa ni serikali kumtumia mtu wa kati afanye lile ambalo Katiba imeikataza serikali yenyewe.

Mfano ulio mashuhuri ni wa jimbo la Rhode Island. Mwaka 1956 jimbo hilo liliunda tume ya kulinda maadili ya vijana. Tume haikuwa na uwezo wa kumtoza mtu faini wala kumfunga. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia wasambazaji wa vitabu barua za heshima, kuwajulisha kwamba vitabu fulani havifai kwa vijana, kuwashukuru mapema kwa ushirikiano wao, na kuwakumbusha kwamba ilikuwa na wajibu wa kupendekeza mashtaka kwa Mwanasheria Mkuu. Nakala za orodha hizo zilipelekwa kwa polisi, na siku chache baada ya barua, askari alipita dukani kuuliza hatua iliyochukuliwa. Msambazaji mmoja alivirudisha vitabu vyote vilivyotajwa kwa wachapishaji. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu iliamua kwamba barua hizo, pamoja na upole wake wote, zilikuwa udhibiti wa vitabu usio wa halali. Watu, ilieleza Mahakama, hawapuuzi kwa urahisi vitisho vya maofisa wa serikali hata vikifichwa.

Waswahili wasemapo mwenye nguvu mpishe, husema jambo hilo hilo kwa maneno matatu.

Mahakama za siku hizi huangalia mambo manne zinapopima kama ofisa alishauri au alishurutisha: maneno aliyoyatumia na namna alivyoyasema, kama ana mamlaka juu ya aliyeambiwa, kama aliyeambiwa aliyaona maneno hayo kuwa ni tishio, na kama kulitajwa madhara yatakayomfika asiyetii. Tarehe 30 Mei 2024 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walitumia mawazo hayo katika shauri la chama cha wamiliki wa bunduki, NRA. Chama hicho kilidai kwamba msimamizi wa mabenki na bima katika jimbo la New York aliwashawishi wenye makampuni ya bima waachane nacho, huku akidokeza kwamba wangesamehewa makosa yao mengine wakifanya hivyo. Mahakama ilisema kwamba mambo hayo, yakithibitishwa kuwa ni kweli, ni shuruti inayovunja Katiba.

Mashauri ya mitandao

Msomaji akiyashika hayo, ataona kwa nini ombi la Daktari Mkuu lilizusha ugomvi. Lenyewe lilikuwa la hiari na la upole. Lakini lilitokea baada ya mambo mengine. Tarehe 16 Julai 2021, siku moja baada ya waraka wa kwanza, Rais Joe Biden aliwaambia waandishi wa habari kwamba mitandao kama Facebook inawaua watu, ingawa baada ya siku tatu alilegeza kauli hiyo. Siku zilizofuata ofisa wa Ikulu alieleza kwamba serikali inaitazama upya sheria ya mwaka 1996 inayoyakinga makampuni ya mitandao yasishtakiwe kwa maneno ya watumiaji wake. Kwa makampuni hayo, sheria hiyo ni kama paa la nyumba. Wakati huo huo maofisa walikuwa wakiyaandikia makampuni barua za faragha, nyingine kali, wakiuliza kwa nini ujumbe fulani haujaondolewa.

Mwezi wa Machi 2022 watumiaji watatu wa Twitter, ambao akaunti zao zilikuwa zimefungwa kwa maneno yao kuhusu UVIKO-19, walifungua shauri katika jimbo la Ohio. Walidai kwamba ombi la taarifa lilikuwa mbinu ya kuishurutisha Twitter, na pia upekuzi usio wa halali. Mahakama ya wilaya ilililitupa shauri lao mwezi wa Mei mwaka huo, na mahakama ya rufani ikakubaliana nayo mwezi wa Septemba 2023. Sababu yake ilikuwa kwamba Twitter ilikuwa na kanuni zake za UVIKO-19 na sababu zake yenyewe za kibiashara za kuzitekeleza. Walalamikaji hawakuonyesha kwamba adhabu waliyoipata ilitoka serikalini.

Shauri kubwa zaidi lilifunguliwa mwezi wa Mei 2022 na majimbo ya Missouri na Louisiana pamoja na watu binafsi watano. Mwezi wa Julai 2023 jaji mmoja huko Louisiana alitoa amri pana ya kuwazuia maofisa wengi wa serikali kuwasiliana na makampuni ya mitandao juu ya kuondoa maneno ya watu. Mahakama ya rufani iliipunguza amri hiyo, na Mahakama ya Juu ikaisimamisha. Tarehe 26 Juni 2024 majaji 6 dhidi ya 3 waliamua kwamba walalamikaji hawakuwa na haki ya kuleta shauri hilo. Jaji Amy Coney Barrett, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alieleza kwamba kila mlalamikaji lazima aonyeshe mnyororo usiokatika: ofisa fulani aliibana kampuni fulani, na kwa sababu hiyo ujumbe fulani ukaondolewa, na yaelekea jambo hilo litatokea tena. Makampuni yalikuwa yameanza kuondoa ujumbe wa namna hiyo hata kabla ya kuambiwa. Jaji Samuel Alito, akiungwa mkono na wenzake wawili, alipinga na kusema kwamba ushahidi wa kubanwa kwa Facebook ulitosha.

Ieleweke kwamba Mahakama haikusema kuwa serikali ilifanya vema, wala haikusema kuwa ilikosea. Ilisema kwamba waliobisha hodi hawakuwa na ufunguo wa mlango. Hapa ndipo penye ugumu kwa raia wa kawaida. Mazungumzo kati ya serikali na kampuni hufanyika faraghani. Kampuni ina sababu zake. Na aliyefungiwa akaunti huona matokeo tu. Kuonyesha mnyororo mzima ni karibu na kumtaka mwenye shamba athibitishe ni wingu lipi lililoleta mvua. Mwezi wa Agosti 2024, baada ya hukumu kwisha kutolewa, mkuu wa kampuni ya Meta inayomiliki Facebook, Mark Zuckerberg, aliliandikia Bunge barua akisema kwamba mwaka 2021 maofisa waandamizi wa serikali waliibana kampuni yake mara kwa mara, ingawa uamuzi wa kuondoa ujumbe ulikuwa wa kampuni yenyewe.

Sayansi hubadili kauli

Kuna sababu nyingine ya kuwa na tahadhari, nayo inatoka ndani ya sayansi yenyewe. Ili serikali ihesabu habari potofu lazima kwanza iamue ipi ni potofu, na uamuzi huo hufuata ujuzi wa siku hiyo.

Tarehe 29 Februari 2020 Daktari Mkuu wa wakati huo, Jerome Adams, aliwasihi wananchi waache kununua barakoa, akisema hazina faida kwa mtu wa kawaida. Tarehe 3 Aprili mwaka huo huo serikali iliwashauri wananchi wavae barakoa za kitambaa wawapo hadharani. Mtu aliyesifu barakoa mwezi wa Machi angeweza kuandikwa kuwa mpotoshaji; mwezi mmoja baadaye ni mtu wa busara. Vivyo hivyo, mwezi wa Februari 2021 Facebook ilitangaza kwamba itaondoa madai kuwa virusi vya UVIKO-19 vilitengenezwa na binadamu. Tarehe 26 Mei 2021 ililiondoa katazo hilo, na siku hiyo hiyo Rais aliviagiza vyombo vya usalama vichunguze upya chanzo cha virusi hivyo katika muda wa siku 90.

Mifano hii haina maana kwamba kila uvumi una sehemu yake ya ukweli. Madai ya vidude ndani ya chanjo yalikuwa upuuzi siku ya kwanza, na ni upuuzi hadi leo. Maana yake ni kwamba katika kundi la maneno yanayoitwa potofu wakati wa dharura, huwamo mengi yaliyo uongo wa dhahiri na machache ambayo ni swali lisilojibiwa bado. Sayansi huendelea kwa machache hayo. Ikiwa wenye kuuliza wataogopa, kosa la wakubwa litadumu muda mrefu zaidi kabla ya kusahihishwa.

Makali ya upande wa pili

Ingekuwa kosa kufikiri kwamba tishio linatoka upande mmoja tu wa siasa. Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Wawakilishi, likiwa mikononi mwa chama cha Republican, liliunda kamati ndogo, chini ya Jim Jordan, ya kuchunguza matumizi mabaya ya vyombo vya serikali. Kamati hiyo ilitaka kujua kama serikali iliwatumia watafiti kuwanyamazisha raia. Swali lilikuwa la haki. Lakini hati za wito ziliwaendea pia wanavyuo waliokuwa wakihesabu na kuchambua uvumi. Barua zao walizoandikiana zilidaiwa, na mashtaka ya madai yakafunguliwa dhidi yao. Kufikia katikati ya mwaka 2024 kituo cha uchunguzi wa intaneti cha Chuo Kikuu cha Stanford, kilichoanzishwa mwaka 2019, kilikuwa kimepoteza viongozi wake wakuu na kupunguza kazi yake sana.

Mabadiliko yaliendelea. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kuwazuia maofisa wa serikali kuu wasiingilie maneno ya raia, na kumwagiza Mwanasheria Mkuu ayachunguze mambo yaliyotendwa katika miaka minne iliyotangulia. Mwezi wa Aprili 2025 Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani lilianza kufuta misaada ya fedha kwa tafiti nyingi, zikiwemo za habari potofu, likieleza kwamba halitagharimia tafiti zinazoweza kutumiwa kuvunja haki ya kusema.

Hivyo uchunguzi uliokusudiwa kulinda usemi uliwanyamazisha baadhi ya wasomi, kama vile uchunguzi uliokusudiwa kulinda afya ulivyodaiwa kuwanyamazisha baadhi ya raia. Majina ya waulizaji yalibadilika. Uzito wa swali ulibaki pale pale.

Namna ya kuuliza bila kutisha

Je, basi serikali ikae kimya? La hasha. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972, Tanzania mwaka 1976 na Marekani mwaka 1992, unalinda katika kifungu cha 19 haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kifungu hicho hicho kinakubali kwamba haki hiyo inaweza kuwekewa mipaka kwa sababu ya afya ya jamii, mradi mipaka hiyo iwekwe na sheria na iwe ya lazima. Kinachotakiwa ni ufundi wa kuuliza, na mambo manne yanaweza kusaidia.

Jambo la kwanza ni kuuliza idadi kabla ya majina. Kujua kwamba watu milioni 5 wameuona uvumi fulani, na kwamba wengi wao ni wa umri fulani, kunatosha kupanga elimu ya afya. Jina la aliyeandika halihitajiki, isipokuwa pale penye kosa la wazi kama utapeli wa dawa, na hapo ni kazi ya polisi wenye kibali cha mahakama.

Jambo la pili ni kumtenga mwenye kuuliza na mwenye kuadhibu. Sensa ni mfano mzuri. Karani wa sensa huingia kila nyumba na kuuliza mambo ya ndani kabisa, na watu humjibu, kwa sababu sheria imemkataza kuyapeleka majibu hayo kwa mtoza kodi au polisi. Nchini Marekani majibu ya mtu mmoja mmoja hufungiwa kwa miaka 72. Watafiti wa mitandao wanaohitaji takwimu za kina, na kwa kweli wanazihitaji, wanaweza kuwekewa kufuli kama hilo.

Jambo la tatu ni kuuliza hadharani. Ombi la mwaka 2022 lilichapishwa katika gazeti rasmi, na kila raia aliweza kulisoma na kulipinga. Barua za faragha za mwaka 2021 zilijulikana kwa sababu ya mashauri tu. Swali linalostahili kuulizwa linastahili kuonekana.

Jambo la nne ni kuandika tarehe. Orodha ya madai yanayohesabiwa kuwa potofu ieleze ujuzi wa siku ile na ushahidi uliotegemewa, na ipitiwe tena kila baada ya muda. Orodha isiyo na tarehe hugeuka kuwa msahafu, na sayansi haina msahafu.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo ghali au gumu. Ugumu ulio mkubwa zaidi ni kwamba kila serikali hujiona kuwa mwulizaji mwema, na huenda ni kweli. Lakini raia anayeulizwa haangalii wema wa leo peke yake. Huangalia pia kwamba kesho ofisi ile ile, na orodha ile ile, vitakuwa mikononi mwa mtu mwingine.